Joho la Shujaa

"Joho likidondoka tena leo, fundi, utaruka wewe," alisema Bwana Dosa, mwongozaji wa sinema, na wapiga picha wakacheka.

Mwanahawa, fundi wa mavazi, hakucheka. Watu walimpenda shujaa yule wa katuni, lakini aliyeruka kutoka ghorofani badala ya mwigizaji alikuwa Mkude, kaka yake. Jana joho lilichomoka hewani kwa sababu Mwanahawa alikuwa amelipiga bandi tu, mishono mirefu ya kushikiza inayokatika upesi. Leo aliamriwa alishone shingoni kwa uzi mgumu wa kushonea viatu, naye akashona. Halafu akaiona nondo iliyochomoza ukutani, chini ya paa. Joho likinasa pale lisikatike, litamnyonga.

Akaanza kufumua. Alikuwa amemaliza upande wa kulia na kuupiga bandi, Mkude alipokuja kulichukua joho.

"Kaka, ngoja, bado upande mmoja. Kuna nondo pale juu."

"Nimeiona. Wewe nawe, tangu utoto hata ngazi unaiogopa!"

Akalivaa huku akipanda mbio. Mwanahawa akamfuata mpaka mlangoni mwa ghorofa, mkasi mkononi. Kengele ikalia, Mkude akaruka, na joho likatanuka juu ya vichwa vya watu wa mtaani waliokuja kutazama, zuri kuliko lilivyokuwa mezani.