Mikono ya Bi Mashavu

Kwa miezi mingi Bi Mashavu alivaa miwani ya uhalisia pepe aliyoazimwa na kituo cha jamii. Ndani yake mwalimu alisimama kama mtu hai, akamfundisha lugha ya alama. Alitaka kuzungumza na Kombo, mwanawe kiziwi, aliyemwacha shule ya bweni akiwa mdogo na asirudi tena kumtazama.

Sasa Kombo, mtu mzima mwenye ndevu, alikaa mbele yake pamoja na mkalimani. Bi Mashavu akainua mikono, akaeleza kwa nini aliondoka na jinsi alivyomlilia. Alipomaliza, Kombo akamgeukia mkalimani.

“Anasema hajaelewa kitu, mama,” mkalimani alisema kwa upole. “Hizo ni alama za nchi nyingine. Sisi hatuzitumii.”

“Basi mwambie wewe.”

“Nimwambie nini?”

Bi Mashavu akafungua kinywa. Maneno yale hakuwahi kuyatamka kwa sauti, hata akiwa peke yake. Akaanza upya kwa mikono, alama zile zile, polepole zaidi.

Kombo akainuka. Akaishika mikono ya mama yake, akaishusha mapajani, akaikandamiza pale mpaka ikatulia.