Farasi wa Kanali

Marcelline alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, vikombe viwili vya plastiki mikononi, akawa farasi.

Ko-ko, ko-ko, ko-ko. Vikombe viligonga vigae. Kisha akatoa sauti nyembamba ya mama wa Kiingereza aliyepandwa na hasira, halafu akaishusha hadi kifuani, ikawa nzito, ya kanali mlevi. Kiingereza chenyewe hakukijua vizuri. Maneno aliyameza kwa sikio tu, kama mtu anavyomeza wimbo wa kanisani wa lugha ya ugenini. Sikio la pili alikuwa ameliacha mlangoni.

Nyuma ya pazia, sebuleni, Mzee Shafiek alikuwa kitini, kichwa amekielekeza jikoni. Kisukari kilikuwa kimemfunga macho yote mawili. Hangeweza kuona kwamba redio ya kaseti, pale juu ya friji, ilikuwa imezimwa.

Marcelline alianza kumtunza mzee huyo mwaka 1999, baridi ilipoanza kuingia Durban, katika fleti ya ghorofa ya tatu kule Umbilo. Binti wa mzee, Tasneem, aliondoka asubuhi na teksi za Pinetown kwenda kiwandani, akarudi jioni. Maagizo yake, kwa Kiswahili walichorithi kwa mababu zao, hayakuwa marefu.

"Mpe dawa, mpe chakula. Na vitu vya Baba usiniharibie. Aliyekutangulia aliharibu, nikamwambia aende."

Marcelline aliitikia kwa kichwa. Siku zile hakuwa na maneno. Vita vilimtoa Uvira, kule Kongo, dada yake Agathe akabaki nyuma, na kila Jumamosi, katika duka la simu mjini, simu ya Agathe ililia mpaka ikakatika bila kupokelewa.

Siku moja mzee alipapasa ndani ya sanduku lake la kanda akampa moja, aliyoletewa zamani na rafiki yake baharia. Kilikuwa kipindi cha vichekesho cha redio ya Uingereza, kikongwe kuliko Tasneem. Kanali amemficha farasi bafuni, mama mwenye nyumba anabisha hodi kwa hasira, farasi anashtuka na kuangukia vyombo vya chai. Mlio wa vyombo haukuisha upesi. Ukumbi mzima wa Waingereza ukaangua kicheko. Marcelline naye, bila kutaka, alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake mzee akasema, "Binti, tuwekee yule kanali."

Ikawa desturi ya kila siku baada ya chai. Mzee alisikiliza kimya, shingo kaipinda, na kipindi kilipokwisha alishusha pumzi ndefu na kusema, "Alhamdulillahi."

Hadi siku redio ilipoitafuna kanda.

Utepe ulitoka kama tambi. Marcelline alijaribu kuukunja tena kwa kalamu, ukamkatikia mkononi.

"Binti, mbona kimya?"

"Hakuna kitu, Papa. Niko nageuza kanda."

Alitazama mlango, akatazama dirisha. Chini, barabarani, teksi zilipiga honi kwenye robot, zile taa za barabarani. Nani mwingine angempa kazi mwanamke mwenye karatasi ya ukimbizi? Akavichukua vikombe viwili kabatini.

Tangu siku hiyo hakutulia. Aliunguza wali. Nyayo zozote kwenye ngazi zilimfanya aruke. Alipokuwa akipiga pasi midomo yake ilikuwa ikimrudia kanali, na bado usiku aliota amesahau zamu ya mwenye nyumba. Kicheko cha ukumbi ndicho kilichomsumbua zaidi, kwa kuwa ilimbidi awe umati mzima peke yake. Mwanzoni alikilazimisha. Baadaye, yule kanali alipomkaa vizuri kooni, kicheko kilimtoka chenyewe.

Mara moja maji ya moto yalimrukia mguuni katikati ya maneno, na kanali wa Kiingereza akapiga kelele, "Mungu wangu, nakufa!"

Marcelline aliganda. Nyuma ya pazia mzee alikohoa, akakohoa tena, kikohozi kirefu kisichotaka kwisha. Hatimaye kikakoma. Farasi akaendelea.

Alasiri moja umeme ulikatika kiwandani, na Tasneem akarudi mapema. Marcelline hakuusikia ufunguo. Alikuwa ameachia sinia ianguke, vijiko vikatawanyika hadi chini ya jiko, na yeye amejishika mbavu akicheka kwa niaba ya Uingereza nzima. Alipoinua macho alikutana na viatu vya kazini.

Tasneem alitazama vijiko. Akatazama redio. Alimshika mkono, akamtoa hadi nje kwenye baraza la ngazi, akaurudisha mlango polepole.

"Dada Tasneem, pardon," Marcelline alisema, machozi yakimlenga. "Kanda ya Papa ilikatika, nikaogopa kusema. Ile kanda ndiyo raha yake. Sikutaka aikose. Usinifukuze, dada, sina pengine pa kwenda."

Tasneem aliziba mdomo kwa mkono. Mabega yakamtikisika. Marcelline alidhani analia.

"Raha yake?" Tasneem alisema alipopata pumzi. "Marcelline, Baba anakichukia kipindi kile tangu ujana wake. Kila jioni ni mimi ninayelalamikiwa. 'Eish, Tasneem, yule kanali atanitoa roho, na siku hizi anamwita Mungu kwa Kiswahili cha Kongo. Lakini ole wako umwambie Marcelline aache. Ndiyo saa pekee ninayomsikia yule mtoto akicheka.'"