Mpira Ungali Juu

"Wamefungwa, Mama. Umeona kwa macho yako. Huwezi kwenda kumwambia wameshinda."

"Punguza sauti. Kaka yako anaumwa tumbo, si masikio."

Binti aliinamia meza ya jikoni, akaichukua simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Kwenye kioo chake, kapteni wa timu, msichana wa katuni mwenye bandeji kwenye kifundo cha mkono, alikuwa amesimama chini ya kikapu, kimya.

"Watu wameisubiri sehemu hii ya mwisho miaka ishirini na sita," binti alisema. "Leo tumeipata, wewe unabadilisha matokeo."

Waliisubiri kweli. Katuni ile ya mpira wa kikapu ilionyeshwa kila Jumamosi mwana wa Mama alipokuwa na miaka tisa, na mtaa mzima ulinyamaza ilipoanza. Kisha, ikiwa imebaki sehemu moja tu, ya fainali, kituo kikabadilisha vipindi, kikaweka ufugaji wa kuku. Watoto wale sasa wanaota vipara, na hadi leo hawajawasamehe kuku. Katika karakana ya majokofu alikofanya kazi mwanawe, jokofu likigoma kuwaka mafundi bado walipigiana kelele za kapteni: "Mpira ungali juu!" Hata muuguzi aliyekuja kumchoma sindano aliiona picha ya kapteni ukutani, akasimama na sindano mkononi.

"Hivi wale walishinda?" aliuliza.

Jana mgonjwa naye akaomba. Macho yake hayakuwa yakistahimili mwanga wa simu. Basi Mama aitafute hiyo sehemu, aiangalie, aje amsimulie.

"Na kwa nini akuombe wewe?" binti aliuliza. "Mimi ndiye niliyekuwa naitazama naye. Wewe ulikuwa unasema ni vichaa wanarukaruka."

"Kwa sababu mimi nasema mambo yalivyo."

"Ndiyo hapo! Ulimwambia bibi harusi gauni limemfanya godoro lililofungwa kamba. Siku ya harusi yake!"

"Si lilikuwa hivyo?"

Mama alikuwa amefundisha ushonaji chuoni miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kupata sifa ya bure kwake. "Hii suruali inamsubiri mtu wa miguu mitatu," alikuwa akisema, kisha anahamia meza inayofuata.

"Basi na hili liseme lilivyo," binti alisema. "Umeshamwambia ni vidonda vya tumbo. Uongo mmoja hautoshi?"

Mama akazima jiko. Daktari alikuwa amesema wiki tatu, labda nne. Alimwambia yeye peke yake, Jumanne, huku akiangalia karatasi. Njia nzima ya kurudi Mama alipanga maneno. Alipofika kitandani yakatoka mengine.

"Mtu ana wiki tatu," alisema, "na kitu anachokitaka ni watoto wa katuni washinde. Nimnyime na hicho?"

"Atajua."

"Atajuaje? Sijawahi kumdanganya tangu nimzae, mpaka Jumanne. Nikimwambia kitu anakimeza."

Akajifuta mikono, akaingia chumbani. Binti akamfuata, akaishia mlangoni.

Mwanawe alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili. Mabega yaliyopandisha majokofu ghorofa ya nne sasa yalilishika shati kama kitundikio cha nguo.

"Kaa huku, Mama. Upande wa dirisha."

Akakaa. Mwanga wa saa tisa ulimjaa mwili mzima.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Yote? Hukusinzia?"

"Lini uliniona nikisinzia mchana?"

"Haya. Nipe dakika ya mwisho."

Mama akasimulia. Zimebaki sekunde nne, wako nyuma kwa pointi moja. Kapteni anaupokea mpira kwa mkono ule ule mbovu. Anaruka. King'ora kinalia, mpira ungali juu. Unagonga ringi. Unazunguka mara moja, mara mbili.

Vidole vyake viliushika upindo wa shuka, vikaukunja, vikaunyoosha, vikaukunja tena, kama vinautafutia mahali pa kuchoma pini.

"Halafu?"

"Halafu ukaingia."

"Ukaingia."

"Ukaingia, baba. Wakambeba juujuu."

Mlangoni, binti akageuka kuutazama ukuta.

Mgonjwa aliliangalia shuka. Hakuwa akimwangalia mama yake usoni. Kisha akatabasamu kidogo.

"Mpira ulitoka, Mama. Niliiona sehemu hiyo miaka saba iliyopita. Niliitazama peke yangu, sikumwambia mtu, nisiwaharibie wenzangu."

"Sasa uliniagiza ya nini?"

"Kwa sababu wewe hudanganyi. Sikujua ukidanganya unakuwaje."

Akanyoosha mkono, taratibu, akauweka juu ya mkono wa mama yake, ambao ulikuwa bado umeukunja upindo wa shuka.

"Jumanne," alisema, "uliposema ni vidonda vya tumbo, uliushika hivihivi."