Kikombe kwa Mikono Miwili

Fundi cherehani alikuwa amelala chali mchana kweupe, vidole vimekufa ganzi. Kwenye kundi la simu la wagonjwa wenzake watu walikuwa wameshikana mashati: huyu anadai ugonjwa uko kwenye vinasaba vya baba, yule anaapa ni vya mama. Madaktari walishawaambia hakuna ugonjwa wowote.

Akaandika kwa kidole gumba, hasira zimemjaa: "Mimi nimerithi kwa mama. Na ndiye anayeniita mvivu!"

Huko jikoni, simu ya mama yake ikalia.

Akaandika tena, makusudi: "Ana roho mbaya."

Ikalia tena.

Mama akaingia na chai. "Umemaliza kunivua nguo mbele za watu?"

"Na wewe unatafuta nini kwenye kundi la wagonjwa? Unanichunga?"

Mama akamsogelea. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, viwiko amevibana mbavuni, na bado chai ilikuwa inamwagika. Kwenye picha za kundini, wagonjwa wote walishika vikombe hivyo hivyo.

"Tangu lini, mama?"

"Kabla sijakuzaa. Na hujawahi kuniona nimelala mchana. Inuka."