Nyeusi Tupu kwa Kina Asmahani

"Fumua," Rahila alisema. "Fumua lote."

Mzee Kombo, fundi cherehani wa mtaa wa Usagara, aliliangalia gauni alilolipiga pasi asubuhi ile, kisha akamwangalia mwenye gauni. Lilikuwa jeusi, la mikono mirefu na marinda kiunoni, vilevile alivyoagizwa.

"Lina kasoro gani, binti?"

"La Asmahani lina mabega ya kunyanyuka. Nimeliona pale ukutani. Na langu liwekee, yapande kuliko yake. Na mikono hii kata."

Wivu huo, jamani, usiuone! Asmahani alikuwa ametangaza kwamba atakayekuja kwenye bethidei yake Jumapili avae nyeusi tupu, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kiatu. Aliona picha kwenye gazeti moja la Mombasa, basi na yeye akataka. Wazee waliguna: sherehe hiyo au matanga? Wasichana hawakujali. Mwaka juzi tu Tanga nzima ilikuwa inapanga foleni ya khanga na sabuni. Leo vitambaa vinapita mpakani Horohoro mchana kweupe, nani akatae kujipamba?

Aliyevileta vitambaa ni Haidar, kijana aliyelelewa Mombasa kwa ami yake, akarudi Tanga mtu mzima na biashara yake. Rahila alimpenda. Alimpenda hasa, mpaka chakula hakipiti. Na kwa macho yake mawili alimwona Haidar akibisha hodi kwa kina Asmahani, mahameli nyeusi begani, akaketi kucheka nao barazani hadi akaletewa chai.

Mtu mmoja ajaaliwe yote hayo! Asmahani alikuwa na baba mwenye nyumba na mama wa kumtafutia viatu. Rahila mama yake alifariki kwa uzazi. Kalelewa Pemba na bibi yake, na bibi naye alipofariki akaletwa kwa mjomba wake aliyehamia Tanga kufanya kazi bandarini. Sasa na Haidar naye achukuliwe na Asmahani? Thubutu!

"Unahangaika na mabega bure," Mzee Kombo alisema akitafuta wembe wa kufumulia. "Nasikia yule kijana anapeleka posa wiki hii."

"Kwa nani?"

"Mtaa huu nani mwingine kapelekewa mahameli?"

Mzee Kombo naye mdomo ulikwisha kupata mafuta.

"Ila aangalie anaoa nani. Yule kanyonyea hapa hapa, nyuma ya kibaraza hiki. Mama yake alipofariki, Bi Wanu alimchukua akamnyonyesha pamoja na kitoto cha kike cha mtaa huu, mpaka ami yake alipokuja. Na walionyonya ziwa moja ni ndugu. Hawaoani mpaka Kiyama."

"Kitoto cha nani?"

"Mimi mwanamume, maziwa ya wanawake nitayajulia wapi? Bi Wanu yuko Horohoro siku hizi. Muulize mwenyewe."

Rahila hakuona haja ya kuuliza. Mama yake Asmahani hakuwa na hadithi nyingine: jinsi alivyojifungua kwa taabu, akalazwa hospitali, watu wakamsomea Yasini. Mama kalazwa, mtoto kanyonya wapi? Hata mjinga angejua.

Jioni ile ile alimpata dereva wa lori aendaye mpakani.

"Mwambie Bi Wanu mwanawe wa kike wa maziwa ana sherehe Jumapili, nyumbani kwa kina Asmahani. Na Haidar atakuwepo. Asikose, tafadhali."

Akarudi nyumbani anaimba. Aliiona ile siku: watu wamejaa, Bi Wanu anasimama na kusema lake, na mahameli ya Asmahani inageuka tambara.

Jumapili baada ya alasiri ua ulijaa wasichana waliovaa nyeusi tii, redio kaseti inalia, pilau inanukia. Mabega ya Rahila yalipanda mpaka masikioni. Hata hivyo Asmahani alipotoka na mahameli yake watu wote waligeuka kumtazama, na Rahila aliumia mpaka akatamani kulia. Akawa anatazama mlangoni tu. Bi Wanu huyo anachelewa nini?

Badala yake alikuja Haidar, anatabasamu.

"Mjomba wako hajakwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Wazee wangu wamempelekea barua ya posa baada ya adhuhuri. Kasema kwake haina shida, jibu unalo mwenyewe."

Rahila alimkodolea macho. "Na Asmahani?"

"Asmahani ana mchumba wake Dar es Salaam. Ile mahameli ni zawadi ya huyo bwana, mimi niliagizwa kuileta." Akacheka. "Kumbe ulikuwa umeninunia kwa ajili hiyo?"

Rahila alijifunika uso kwa mikono, akacheka na machozi yakamtoka. Ndiyo, alisema. Akarudia, ndiyo, asije Haidar akadhani hakusikia. Wivu wote uliyeyuka. Ghafla alimpenda kila mtu ua mzima, na Asmahani zaidi.

Ndipo Bi Wanu akaingia, khanga zake za rangi ya chungwa katikati ya weusi ule wote. Rahila aliona haya kwa fitina aliyoipika, lakini akaona hakuna lililoharibika. Bibi wa watu aje, ale pilau, amwone mwanawe. Akamkimbilia mbele ya wote.

"Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba." Bi Wanu alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga. "Sura ya Rukia hii, mamako. Walikuchukua kwangu kwenda Pemba hujaota hata jino, nikasema basi tena." Akamkumbatia kwa nguvu, akatupa macho juu ya bega lake. "Na Haidar yuko wapi? Mwiteni aje amwone dadake."