Mkono Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi Shaali alijirekodi akimpelekea mkewe chai chumbani. Watazamaji waliuona mkono tu, umekolea hina, ukitokeza nyuma ya pazia kupokea kikombe. Kwa mkono huo akapata jina mtandaoni: Mume wa Mfano.

Mke alipomwacha, Shaali hakumwambia mtu. Alimbembeleza dada yake, Mwanahawa, apake hina akae nyuma ya pazia. Leo video imeshatoka, na mioyo inamiminika kwenye simu.

"Sasa nitatokaje nje?" aliuliza Mwanahawa. "Mume wangu yuko safarini. Watu wataniuliza nimejipamba kwa ajili ya nani."

Shaali akaleta ndimu, akamsugua mkono kwa nguvu ili hina itoke.

"Basi, kaka! Ndimu ndiyo inaikoleza."

Hapo wakasikia hodi. Alikuwa mama mkwe wa Mwanahawa, simu mkononi, uso umechangamka. Mwanahawa akajirusha nyuma ya pazia.

"Shaali baba, nimewaona asubuhi," alisema yule mama. "Kila siku nauona mkono tu. Leo nimekuja kuushika."

Akalisogelea pazia, akanyoosha mkono wake.

Shaali alibaki na ndimu yake kiganjani. Pazia lilitikisika kidogo, likatulia.

"Mwanangu," mama aliita kwa upole, "mbona hunipi mkono?"