Swali la Baba Mkwe

Siku waliyomzika baba mkwe wa muuguzi, mkanda wa kupimia presha pale zahanati ulianza kujaa upepo wenyewe.

Kabla ya hapo, muuguzi alikuwa akimuuliza kila mgonjwa kama anakunywa pombe, na kiasi gani. Baba mkwe alipokuja kupimwa, yeye tu ndiye aliyerukwa. Mkwe haulizwi mambo hayo.

Mzee alinyoosha mkono unaotetemeka, akacheka. "Mwanangu, wenzangu wote umewauliza. Mimi sina mdomo?"

"Baba nawe! Presha iko sawa, nenda kapumzike."

Kumbe pombe ilikuwa imeshakula ini.

Sasa kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, mkanda huvimba juu ya kiti kitupu, mviringo, kana kwamba umeshika mkono. Muuguzi huinamisha macho.

"Baba, unakunywa?"

Ndipo upepo hutoka, taratibu, na wagonjwa huingia.